Yadi za reli za Nairobi

Yadi za reli za Nairobi ni eneo la njia nyingi sambamba, kusini na mashariki ya katikati ya jiji, ambako mabehewa ya mizigo huachanishwa na kuungwa upya kufuatana na yanakokwenda. Jiji lenyewe lilizaliwa na kazi hiyo: reli ya kutoka Mombasa ilipofika mwishoni mwa Mei 1899, wajenzi waliweka kituo kikuu hapa uwandani, kabla treni haijaanza kupanda kuelekea Kikuyu na Limuru. Kazi imepungua sana tangu reli mpya ya kisasa, SGR, ianze kubeba mizigo Januari 2018. Treni yake hutoka Mombasa ikiwa na kontena za mwelekeo mmoja tu, ikafika bohari ya Embakasi bila kupangwa upya njiani. Mwaka 2019 njia hiyo iliendelezwa hadi Suswa, na bohari nyingine ikajengwa upande wa Naivasha. Fedha zimefuata kontena. Ardhi ya reli katikati ya jiji, kando ya Haile Selassie Avenue, imetengewa mradi wa Railway City, wa stesheni mpya, ofisi na makazi, uliozinduliwa Desemba 2022.

Wanaotetea mabadiliko haya wana hoja nzito: behewa lililosimama yadini haliingizi senti, na ardhi ile ni ghali mno kulaza vyuma. Kwa kontena wamesema kweli. Lakini mwenye kiwanda aliye na shehena ya behewa moja au mawili hana treni yake peke yake. Pasipo mahali pa kuunganisha shehena yake na za wenzake, ataita lori, na lori litapita barabara ya Waiyaki Way iendayo magharibi. Upande wa magharibi pengo ni kubwa zaidi. SGR huvuka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuelekea Ongata Rongai, ilhali Kibera, Dagoretti na Kikuyu zinafikiwa na reli ya zamani tu. Upana wa njia hizo mbili, milimita 1,435 na 1,000, hauruhusu behewa kuhama. Uzito wa njia ya Kibera ulionekana ilipong'olewa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007: mizigo ya Uganda ilikwama. Ni kweli kwamba mizigo hiyo sasa yaweza kuhamishiwa reli ya zamani huko Naivasha, ila hilo halimsaidii anayepakia katika viwanda vya Industrial Area jijini.

Hatari ya kufunga yadi kwa haraka ilionekana Marekani, ambako kampuni ya reli ya CSX ilifunga yadi kadhaa za kupangia mabehewa mwaka 2017. Ucheleweshaji ulizidi hata bodi ya serikali inayosimamia reli ikaita kikao mwezi Oktoba kusikiliza malalamiko ya wateja. Kampuni ile ilikuwa na yadi nyingine za kukimbilia, Nairobi haina. Railway City ijengwe, lakini njia za kutosha za kupangia mabehewa huko Makadara, mashariki ya katikati ya jiji, pamoja na reli ya kwenda Kikuyu, zilindwe kisheria kabla ya kiwanja cha mwisho kugawiwa.