Nafuu ya Wingi, Si Uchumi wa Kiwango

Rasimu ya istilahi za mipango ya elimu ya juu inayopita mikononi mwa wafasiri inatutaka tuandike "uchumi wa kiwango" kila gharama ya kitu kimoja inaposhuka kwa kuwa vinazalishwa vingi. Naipinga. Hoja zangu niliziwasilisha kwa maandishi mbele ya jopo husika, nalo halikuona haja ya kuzijibu. Basi wasomaji wazipime wao.

Katika kiwanda cha sabuni tafsiri hii ingeleta madhara madogo. Katika mipango ya vyuo vikuu vya nchi ndogo sana inapotosha kabisa. Ushelisheli ina watu takriban laki moja, na chuo kikuu chake kilianza mwaka 2009. Mshahara wa mhadhiri wa kemia haupungui kwa sababu darasa lina wanafunzi wanane badala ya themanini; maabara ni ileile, ofisi ya mitihani ni ileile. Mpangaji akiandika kwamba chuo hicho "kinakosa uchumi wa kiwango", msomaji wa Kiswahili atafahamu nini? Atafahamu kwamba chuo ni cha chini ya kiwango. Kwetu kiwango kimekuwa kipimo cha ubora, na bidhaa isiyo na kiwango huteketezwa. Chuo Kikuu cha Komoro, kilichoanzishwa mwaka 2003, nacho kitapewa sifa hiyohiyo mbaya, kwa kosa la mfasiri tu.

Tuangalie nasaba ya maneno, kazi ambayo jopo lingeifanya kwanza. Neno la Kiingereza lililogeuzwa kuwa "kiwango", yaani scale, linatokana na Kilatini scala, yaani ngazi. Kiingereza kina neno jingine linaloandikwa na kutamkwa vivyo hivyo, lakini hilo lilitoka kwa Wanorse wa kale, skál, bakuli, likaishia kwenye sahani za mizani. Mwenzetu aliyependekeza "uchumi wa mizani" alilishika bakuli akaiacha ngazi, na pendekezo lake lilijadiliwa kikao kizima ilhali langu halikusomwa.

Kosa zito zaidi limo katika "uchumi". Mgiriki aliposema oikonomia alikusudia uendeshaji wa nyumba. Kiingereza kikalipa neno hilo maana mbili: mfumo wa mali wa nchi nzima, na kubana matumizi. Istilahi yetu inahusu hiyo ya pili. Uchumi wa Kiswahili umezaliwa na kuchuma, na anayechuma anaongeza alichonacho. Habani chochote. Neno la kuongeza limepewa kazi ya neno la kupunguza, na waliolipitisha ni watu waliosoma Kiswahili wakabobea.

Mimi nasema nafuu ya wingi. Nafuu ni ya Kiarabu, kutoka mzizi wa kufaa uliotupa pia manufaa na kunufaika. Ilipofika kwetu ilijipatia makazi mapya: mgonjwa hupata nafuu, bei huwa nafuu. Kote huko nafuu hulinganisha. Mgonjwa ana nafuu kuliko jana, bei hii ni nafuu kuliko ile. Hivyo ndivyo dhana yenyewe ilivyo, gharama ya mwanafunzi mmoja ikilinganishwa na ilivyokuwa walipokuwa wachache. Nayo wingi inatokana na -ingi, shina la Kibantu lisilohitaji utetezi. Wapo wanaodai kwamba wingi ni neno la wanasarufi, ndugu wa umoja. Wanasarufi wenyewe walilikuta likitumika sokoni.

Bingwa mmoja ninayemheshimu anashikilia "nafuu ya jumla". Lakini bei ya jumla humfaa mnunuzi anayechukua magunia kumi kwa mpigo. Dhana yetu inamhusu mzalishaji, na katika elimu mzalishaji ni chuo. Heshima yangu kwake ni kubwa, ila haibadilishi maana ya jumla.

Historia ya nchi ndogo inathibitisha kwamba jambo lenyewe ni wingi. Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kilichoanza Suva mwaka 1968, kinamilikiwa na nchi kumi na mbili, zikiwemo Tuvalu na Nauru, na Niue ambayo watu wake hawafiki elfu mbili. Zilichanga wanafunzi wao ili zipate wingi ambao hakuna hata moja kati ya hizo ndogo ingeufikia peke yake. Lesotho ilifanya kinyume. Mwaka 1975 ilijitoa katika chuo ilichokuwa nacho pamoja na Botswana na Swaziland, leo Eswatini, ikaanzisha chake palepale Roma, nchini Lesotho; mwaka 1982 hizo mbili zilizobaki nazo zikatengana. Kila mgawanyiko ulipunguza idadi ya wanafunzi wa kugawana gharama ya mhadhiri mmoja. Je, siku hiyo ya mwaka 1975 Roma ilipungukiwa kiwango? Wahadhiri walikuwepo, vitabu vilikuwepo. Kilichopungua ni wingi, na nafuu yake.

Matumizi: "kozi hii haijafikia nafuu ya wingi", kinyume chake, "mzigo wa uchache".

Naliomba jopo liirudishe istilahi hiyo mezani kabla rasimu haijapelekwa kuchapishwa.