Mita Kumi na Nane za Kwanza

Msomaji, kaa gereji yoyote jioni utausikia ubishi ule ule: gari la nani linakimbia zaidi? Jamaa watataja kasi ya mwisho, watataja ukubwa wa injini. Ni nadra umsikie mtu akiuliza gari linaondokaje pale taa inapowaka. Na mimi nasema historia ya mbio fupi za Wamarekani, zile za kunyoosha tu bila kona, ni historia ya swali hilo. Tena waliolijibu kwa vituko kuliko wote walikuwa watu wa pikapu.

Mbio zenyewe zilianzia mitaani. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa California walishindana barabarani, polisi wakiwafukuza. Mwaka 1950 uwanja wa ndege wa Santa Ana ukaanza kutumika kwa mbio za wazi, na mwaka uliofuata Wally Parks akaunda chama cha NHRA. Umbali ukawa robo maili, mita 402. Mwanzoni alisimama mtu na bendera. Mwaka 1963 zikaja taa za nguzo, wakaziita mti wa Krismasi; ukitoka kabla ya wakati inawaka nyekundu, kazi kwisha.

Wazoefu wakipewa karatasi ya muda hutazama kwanza mita 18 za mwanzo, futi 60 za kwao. Ukiokoa sehemu ya kumi ya sekunde hapo, mwishoni utakuta umeokoa moja na nusu, pengine mbili, maana kasi uliyoipata mapema unatembea nayo njia nzima.

Sasa pikapu ina tabu ya kuzaliwa. Injini iko mbele, nyuma bodi tupu, na tairi zinazosukuma ni za nyuma. Aliyeendesha pikapu isiyo na mzigo siku ya mvua anajua: unakanyaga mafuta, tairi zinazunguka, gari halisogei. Watazamaji wanaupigia makofi ule moshi wa mpira. Dereva mwenyewe analia moyoni.

Katikati ya miaka ya sitini mafundi wawili, Dick Branstner na Roger Lindamood, waliichukua Dodge A100, kipikapu kifupi chenye pua bapa, wakaitia injini ya Hemi ya inchi 426, kama lita saba hivi. Wakaiweka nyuma ya kibanda cha dereva ili uzito ukalie tairi za nyuma. Akili nzuri, lakini ilizidi! Gari likiondoka, pua inapaa mbinguni. Little Red Wagon, kilichotengenezwa kwa ajili ya mashindano, kikawa maonyesho. Bill "Maverick" Golden alikiendesha miaka mingi kikiwa kimesimama kwa magurudumu mawili, watu wakilipa kiingilio kuja kutazama kosa la hesabu.

Lakini kuondoka kwa nguvu si mchezo tu. Machi 1970, uwanja wa Lions huko California, giaboksi ya gari la Don Garlits ililipuka palepale anaondoka. Alipoteza sehemu ya mguu wa kulia. Magari ya aina yake yalikuwa na injini mbele, na giaboksi ikakaa miguuni mwa dereva. Mwaka 1971 alirudi na gari ambalo injini iko nyuma yake, na wenzake wakamfuata. Wazo lile lile la kuhamisha injini, safari hii kwa kuokoa miguu ya watu.

Jibu jingine la pikapu lilikuja 1991: GMC Syclone. Injini ya silinda sita, lita 4.3, tabo ya kusukuma hewa, nguvu za farasi 280, na tairi zote nne zinavuta. Unashika breki kwa mguu wa kushoto, unakanyaga mafuta kwa wa kulia, tabo inajaza hewa, unaachia. Ukishikilia mno unapika mafuta ya giaboksi.

Na gia? Wengi hudhani ubadilishe pale nguvu inapofika kileleni. Sivyo. Kilele cha Syclone ni mizunguko 4,400 kwa dakika. Gia ya kwanza ni 3.06, ya pili 1.63, pengo kubwa hasa. Ukibadilisha kwenye 4,400 injini inaangukia kama 2,340, bado imesinzia. Ukivumilia hadi 5,000 inaangukia kama 2,660, karibu zaidi na ile 3,600 ambako inavuta kuliko pote. (Hesabu ya karatasi hiyo, otomatiki huteleza kidogo.)

Mwaka huo jarida la Car and Driver liliipambanisha na Ferrari 348. Pikapu ilimaliza robo maili kwa sekunde 14.1, Ferrari kwa 14.5. Lakini tazama kasi mstarini: Ferrari kilomita 159 kwa saa, pikapu 150. Mtaliano alikuwa anakimbia zaidi, na alikuwa nyuma.

Syclone zilitengenezwa karibu 3,000 tu. Na ruhusa yake ya mzigo, kwa chombo kinachoitwa pikapu, ni kilo 227: mifuko minne ya saruji, wa tano uuache dukani.