Kulinda mtoto mbele hajatoka nyumbani

Tukiona mtoto analala sokoni, tunauliza: nani atamupeleka kwenye kituo? Kuna ulizo lingine la kuanza nalo: ni nini ilimutosha kwao?

Mara nyingi ni mambo tunayoyajua: vita ilikimbiza famili, mama alifariki, makuta ya chakula hayapatikani, ao mtoto alisingiziwa uchawi. Kituo kinampa kitanda na sahani, lakini hakitengenezi kile kilichoharibika nyumbani. Maagizo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 juu ya malezi ya watoto yanasema wazi: umaskini peke yake si sababu ya kutenga mtoto na wazazi wake. Famili ndiyo isaidiwe.

Sheria inasema nini?

Hapa Kongo, sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda kila mtu asiyetimiza miaka 18.

Kuandikisha mtoto: kila mtoto ana haki ya kuandikishwa kwa leta ndani ya siku 90 kiisha kuzaliwa, bila kulipa. Bila cheti hicho, ni nguvu kuhakikisha umri wake akikamatwa ao akiingizwa katika kikundi cha silaha.

Uchawi: kifungu cha 160 kinaazibu mwenye kushitaki mtoto uchawi mbele ya watu: kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000.

Masomo: Katiba, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya leta ni ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019.

Nani wa kusaidia mapema?

Jirani na mwalimu ndio wanaona wa kwanza: mtoto ameacha masomo, anapigwa, anakula peke yake. Waende kwa chefu wa avenue, kwa RECOPE, ni kusema kundi la wakaaji wanaolinda watoto, ao kwa asistanti sosial wa DIVAS. Hao wanaweza kupatanisha famili, ao kutafuta bibi ama shangazi wa kumulea. Vikundi vya akiba, AVEC, vinasaidia pia: mama anakopa ya kuanza biashara ndogo, na sanduku la msaada linamukamata mkono wakati wa ugonjwa.

Basi, ukisikia kwa jirani «huyu mutoto njo analeta mikosi», usingoje afukuzwe. Siku hiyohiyo, enda useme.