Asili ya Herufi ya Chai katika Maandishi ya Kichina

Herufi waiandikayo Wachina kwa kuitaja chai ni 茶, nayo husomwa cha. Juu yake pana alama ya majani. Chini yake pana umbo lifananalo na mtu aliye juu ya mti. Wako wasemao kwamba hii ni picha ya mchumaji aliyesimama kati ya majani na mti. Maelezo hayo yapendeza, lakini historia ya herufi yenyewe haiyakubali.

Herufi ya zamani ilikuwa 荼, isomwayo tu, nayo yapitana na ya leo kwa kistari kimoja cha kulala. Sehemu ya juu ilionyesha kwamba kitu kitajwacho ni mmea; sehemu ya chini, 余, iliwekwa kwa ajili ya sauti, wala haikuhusu mtu wala mti. Katika Shijing, mkusanyo wa mashairi ya kale, neno hilo lina maana ya mboga chungu iliyo jamaa ya mchunga, na mahali pengine maua meupe ya nyasi. Xu Shen, katika kamusi aliyoimaliza mwaka 100 baada ya Kristo, alilieleza kuwa ni mmea mchungu. Kamusi nyingine ya kale, Erya, yautaja mti uitwao jia na kuueleza kwa neno hilo hilo. Naye Guo Pu (276–324) akaongeza kwamba ni mti mdogo ambao majani yake huchemshwa yakanywewa. Basi jina la mboga chungu liliazimwa na mti mchungu.

Je, kistari kiliondolewa lini? Katika Chajing, kitabu cha chai cha Lu Yu cha karne ya 8, herufi mpya yanasibishwa na kamusi ya Mfalme Xuanzong ya mwaka 735. Lakini Gu Yanwu (1613–1682) aliyakagua maandishi ya mawe katika mlima Taishan, akaona kwamba yale ya mwaka 779 na 798 yangali na umbo la zamani. Katika mawe mengine, ya mwaka 841 na 855, kistari kimekwisha toweka. Kwa hiyo akakata shauri kwamba mageuzi yalitokea baada ya katikati ya enzi ya Tang.

Ushahidi huu haupingani. Kamusi ya mfalme yaweza kuidhinisha umbo jipya, na mkono wa mchonga mawe ukashika la zamani kwa muda mrefu. Tena ulimi ulikuwa umetangulia. Yan Shigu, aliyefariki mwaka 645, alipoeleza jina la mahali paitwapo leo Chaling, lililoandikwa wakati huo kwa herufi ya zamani, alitaja matamshi mawili, na moja ndilo lililokuja kuwa cha. Kistari kilipoondolewa, maandishi yaliufuata usemi tu.

Kutokana na matamshi hayo lilipatikana neno lililoenea katika Kiajemi na Kihindi, na ambalo Waswahili hulitamka chai. Tamko la te, la watu wa Fujian, lilichukuliwa na Waholanzi hadi Ulaya. Matawi yote mawili ni ya shina moja, nalo lilikuwamo vinywani kabla herufi 茶 haijapata umbo lake.