Wanafunzi wa Paris na Msimamizi Wao: Historia Fupi ya Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo

Jioni ya tarehe 23 Aprili 1833, wanafunzi sita wa chuo kikuu walikutana na Emmanuel Bailly katika ofisi ya gazeti lake jijini Paris. Walikuwa Frédéric Ozanam, aliyetimiza miaka 20 siku hiyohiyo, Auguste Le Taillandier, Paul Lamache, François Lallier, Jules Devaux na Félix Clavé. Bailly, aliyewazidi wote umri, akawa rais wa kwanza wa chama walichokianzisha.

Kilichowakutanisha ni swali. Mwaka uliotangulia, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 18,000 jijini humo, na mitaa ya maskini ndiyo iliyoumia zaidi. Katika midahalo ya historia iliyosimamiwa na Bailly, vijana Wakatoliki walilitetea Kanisa kwa hoja nzito. Wapinzani wakakiri kwamba zamani Kanisa lilitenda mema mengi, kisha wakauliza: na ninyi leo mnafanya nini? Ozanam alitambua kwamba swali hilo lilidai matendo. Inasimuliwa kwamba yeye na Le Taillandier walichukua kuni zao zilizobaki za majira ya baridi wakampelekea maskini mmoja.

Nia njema walikuwa nayo, lakini kazi hawakuijua. Aliyewafundisha ni Sista Rosalie Rendu, wa shirika la Mabinti wa Upendo, aliyewahudumia maskini wa mtaa wa Mouffetard kwa miaka mingi. Aliwapa majina ya familia za kutembelea pamoja na vyeti vya mkate, akawasihi wawasikilize maskini kwa subira na heshima. Fedha zilitokana na mchango wa siri uliopitishwa katika kila mkutano.

Tarehe 4 Februari 1834, kwa pendekezo la Jean-Léon Le Prevost, wanachama walimchagua Mtakatifu Vinsenti wa Paulo awe msimamizi wao. Ozanam akaomba pia wajiweke chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Vinsenti, padre aliyefariki Paris mwaka 1660, aliwatumikia wafungwa, wagonjwa na watoto waliotupwa. Pamoja na Luisa wa Marillac alianzisha shirika lilelile la Sista Rosalie. Kwa hiyo wanafunzi walimwomba mtakatifu ambaye nyayo zake zilikuwa bado mitaani mwao. Kwa Ozanam, kumheshimu msimamizi kulimaanisha kuendeleza kazi aliyoiacha. Kanuni ya mwaka 1835 iliuweka moyo huo katika utaratibu: mkutano ulianza kwa kumwita Roho Mtakatifu na kumwomba Vinsenti, likafuata somo la kiroho, ndipo zikaja taarifa za familia zilizotembelewa.

Kufikia mwisho wa 1834 wanachama walikuwa zaidi ya 100, na baada ya majadiliano makali wakagawanyika katika matawi, ambayo wanachama, yaani Wavinsenti, huyaita konferensi. Chama kilifika Roma mwaka 1836, Dublin na London mwaka 1844, na St. Louis, Marekani, mwaka 1845. Ozanam mwenyewe alikuwa profesa wa Sorbonne, mume na baba, na hakuacha kupanda ngazi za nyumba za maskini. Alifariki Marseille tarehe 8 Septemba 1853, akiwa na miaka 40. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1997 katika kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, wakati wa Siku ya Vijana Duniani. Sista Rosalie akafuata mwaka 2003.

Leo chama kimeenea katika nchi zaidi ya 140, Kenya na Tanzania zikiwamo. Vijana wanaosali novena ya Mtakatifu Vinsenti kabla ya sikukuu yake, tarehe 27 Septemba, wamerithi sala yenye anwani: jina la familia, mtaa inakoishi, na siku ya kwenda kubisha hodi.