Mozart, ubongo wa watoto na tarumbeta la mpwa wangu

Haya wadau, nimerudi kibarazani. Najua nimewatupa muda mrefu, ila mlioko chuo mnajua wiki za majaribio zilivyo, mtu unaishi kwa desa na chai ya rangi. Leo rumu kumetulia, bumu halijaingia kwa hiyo hakuna pa kwenda, basi niwape stori iliyoniweka maktaba siku mbili nzima na wala haina maksi.

Ilianza Jumapili, dada yangu kapiga simu. Mwanawe ana miaka 9, yuko kwenye bendi ya matarumbeta ya watoto kanisani, na Jumamosi yote inaishia kwenye mazoezi. Sasa mwalimu wa darasa kamwambia mama amtoe huko, Jumamosi aende tuisheni, maana mtoto hatulii darasani. Jirani naye kamwambia asithubutu, muziki unaongeza akili, Wazungu wameshathibitisha. "Mdogo wangu, wewe si ndiyo uko chuo kikuu? Niambie nimsikilize nani." Duh! Mimi nasoma historia jamani, ubongo nimeuona buchani tu, kwi kwi kwi. Lakini nikajiambia, hata hilo la "wameshathibitisha" lazima lina historia yake.

Na kweli linayo. Mwaka 1993, pale Chuo Kikuu cha California, Irvine, watafiti watatu, Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky, waliwachukua wanafunzi 36. Siyo watoto, ni wanachuo kama mimi na wewe. Wakawasikilizisha sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, halafu wakawapa maswali ya kupiga picha kichwani, mfano karatasi ikikunjwa na kukatwa hivi, ukiikunjua itakuwaje. Waliosikiliza Mozart walifanya vizuri kuliko waliokaa kimya au waliosikiliza kanda ya kutuliza mwili, tofauti ya kama pointi 8 au 9 kwenye vipimo vya akili. Baada ya robo saa hivi, kwisha, kila mtu karudi alipokuwa. Ripoti ikatoka kwenye jarida la Nature, ukurasa mmoja tu.

Sasa angalieni ukurasa mmoja unavyoweza kukua. Mwaka 1997 Don Campbell akatoa kitabu kizima kuhusu nguvu za Mozart. Januari 1998 gavana wa Georgia kule Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe kanda au sidii ya muziki wa kizungu wa zamani, na siku hiyo akawapigia wabunge kipande cha Beethoven waonje wenyewe. Mwaka huohuo Florida wakatunga sheria kwamba vituo vya kulelea watoto vinavyopata pesa za serikali vipige muziki wa aina hiyo kila siku. Yaani wanachuo 36 na robo saa vimegeuka kuwa vichanga wa jimbo zima na akili za maisha! Hapo ndipo jirani yake dada alipotokea, tena bila kujua.

Lakini wenzao hawakulala. Mwaka 1999 Christopher Chabris alikusanya majaribio 16 ya namna ile akakuta faida yenyewe ni ndogo mno. Na mwaka huohuo Nantais na Schellenberg, huko Kanada, walifanya kitu kilichonichekesha hadi mtu wa meza ya pili akanigeukia: badala ya kimya waliweka hadithi ya Stephen King. Aliyependa Mozart alifanya vizuri baada ya Mozart, na aliyependa hadithi alifanya vizuri baada ya hadithi. Kumbe ni mtu kuchangamka tu.

Ila wadau, hapa ndipo nilipokaa sana. Yote hayo ni kusikiliza. Mpwa wangu hasikilizi, anapuliza. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1995 Gottfried Schlaug na wenzake walionyesha kwamba wanamuziki walioanza kabla ya miaka 7 wana sehemu ya mbele nene zaidi kwenye lile daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Sawa, lakini nani kasema hawakuzaliwa nalo hivyo? Ndiyo maana mimi napenda zaidi utafiti wa 2009 wa Krista Hyde: watoto 15 waliofundishwa kinanda nusu saa kwa wiki, wengine 16 hawakufundishwa. Mwanzoni bongo zao hazikutofautiana. Baada ya miezi 15, sehemu za kusikia na za kuendesha mikono zilikuwa zimebadilika kwa wale wa kinanda.

Kwa hiyo ubongo unabadilika kwa kazi unayoupa. Je, akili ya hesabu nayo? Schellenberg alijaribu mwaka 2004 kwa watoto 144 wa miaka 6, wengine kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine hawakupewa kitu. Wa muziki waliwazidi wenzao kama pointi 3 hivi. Waliopata tabia nzuri ya kuishi na wenzao walikuwa wale wa maigizo! Na mwaka 2020 Sala na Gobet walijumlisha tafiti 54, zile zilizopangwa kwa makini zaidi hazikuonyesha faida yoyote ya maana kwenye masomo wala akili.

Basi nikabaki na hilo la kutulia, ambalo ndilo hasa mwalimu alilolalamikia. Venezuela kuna mpango wa El Sistema, José Antonio Abreu aliuanzisha Caracas mwaka 1975, watoto wanajifunza kwa okestra toka siku za mwanzo. Watafiti waliwafuata watoto 2,914, wengine wakaingizwa kwa kura mwaka mmoja mapema. Baada ya mwaka, walioanza walikuwa wamepanda kidogo kwenye kujizuia, kidogo kweli, na zaidi kwa wavulana waliokulia kwenye vurugu. Kwenye kumbukumbu na akili, hakuna.

Jana usiku nikampigia dada. "Kwa hiyo yanaongeza akili au hayaongezi?" Nikamwambia ya hesabu usiyategemee, dada, lakini kijana asiyetulia ukimtoa mahali pekee anaposubiri zamu yake na kuhesabu mapigo kimyakimya, sijui unamfundishia wapi. Akanyamaza. Halafu akasema atauliza kama tuisheni inaweza kuwa Jumatano jioni. Mwalimu bado hajajibu.