Kijana Aliyezoeshwa Yai

Mwaka 1908 daktari Alfred Schofield wa London aliandika katika jarida la The Lancet habari za kijana wa miaka 13 ambaye yai lilimdhuru vibaya sana. Alimpa vidonge vyenye yai kidogo mno, akianza na sehemu moja ya 10,000 ya yai, akiongeza polepole. Baada ya miezi kadhaa kijana akala yai bila kudhurika.

Ajabu ni kwamba ilipita zaidi ya karne ndipo Marekani, mwaka 2020, ilipoidhinisha dawa ya kwanza ya namna hii, unga wa karanga kwa watoto wenye mzio. Nayo haiondoi mzio. Hupunguza madhara mtoto akila karanga kwa bahati mbaya. Kipimo cha kwanza, na kila kinapoongezwa, hutolewa mbele ya daktari, maana koo laweza kuvimba na pumzi kuziba.